Mlango wangu na pampu ya mtaa

Nilitaka mlango wa chuma wa duka langu hapa Busia, upande wa Uganda. Karakana iliyo nyuma ya soko ilinitengenezea kwa shilingi 650,000. Walichelewa siku nne, na hilo liliniudhi, maana ilibidi nilale dukani. Lakini kazi ni safi: nimepitisha kidole kwenye maungio yote, hakuna penye ncha, na kitasa kinafunga kwa mkono mmoja.

Kilichonifanya niandike ni pampu ya mkono ya kisima chetu cha mtaa, aina iitwayo U2. Mpini ulipokatika, mzee wa karakana alikuja na vijana wake wawili, akauchomelea, akabadilisha beringi, akapaka cheni grisi. Kamati ya kisima ilipompa bahasha ya pesa aliirudisha: "Mama, hata chai yangu inatoka kwenye maji haya." Pesa zile tukanunulia bomba moja badala ya lile lililoliwa na kutu.

Kijana mmojawapo ni mtoto wa jirani yangu, aliyeacha shule kwa kukosa karo. Anafundishwa bure, na miwani ya kuchomelea amepewa. Geti la nyumbani nampelekea mzee huyohuyo.