Poda au spreyi: kipi kinashika mekapu kwenye joto la Dar?
Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar es Salaam hufika nyuzi 32, na kwa unyevu wa bahari jasho usoni halikauki. Umalizie mekapu kwa poda au kwa spreyi?

Poda hunyonya mafuta. Mwenye ngozi ya mafuta aigonge kidogo kwa sponji kwenye paji la uso, pua na kidevu. Ukiijaza uso mzima, jasho likija inagandamana na kuacha michirizi. Wenye ngozi nyeusi wawe makini zaidi: poda nyeupe yenye silika (unga laini wa madini) hurudisha mwanga wa flashi, na picha za harusi zinatoka na uso wa rangi ya majivu. Inauma, maana kwenye kioo huioni rangi hiyo. Jipige picha ya flashi kabla ya kutoka.

Spreyi hainyonyi mafuta. Ikikauka huacha utando mwembamba unaozuia mekapu isihamie kwenye mtandio. Yenye alkoholi nyingi huikausha ngozi kavu.

Kwa harusi ya ufukweni nachagua spreyi, poda puani tu. Kwa ofisi yenye kiyoyozi, poda yatosha. Jasho likitoka, bonyeza kwa tishu, usifute.