Ulale wapi njiani kati ya London na Vienna?

Anayetaka kusafiri kutoka London hadi Vienna kwa treni anaweza kuimaliza safari ndani ya siku moja, akitoka alfajiri na kufika usiku, mradi kila treni ikutane na mwenzake. Hapo ndipo pagumu. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati, na kwao "kwa wakati" maana yake ni kuchelewa kwa chini ya dakika sita. Kwa hiyo kulala njiani si anasa. Usiku huo ni akiba yako ya muda treni zikichelewa, na swali ni uuweke wapi ili ukufae zaidi.

Tumelinganisha miji minne ya Ujerumani iliyo kwenye njia inayopitia Brussels: Köln, Frankfurt, Nürnberg na Passau. Kwa safari ya kwenda, Nürnberg inashinda. Kwa kurudi haishindi, na sababu iko mbele.

Köln ndiyo inayopendwa na wengi, na inastahili. Ukitoka mlango mkuu wa stesheni, kanisa kuu lenye minara ya mita 157 liko mbele yako, na hoteli nyingi ziko mwendo wa dakika tano na sanduku lako. Kutoka London unabadilisha treni mara moja tu, Brussels, kwa hiyo hata ukiondoka mchana unawahi chakula cha jioni. Kasoro yake ni kesho yake: bado kuna takriban saa tisa za reli hadi Vienna, yaani siku ya pili nzima imeliwa. Tena kuna mtego unaowanasa wageni kila siku. Baadhi ya treni za ICE, zile za kasi za Ujerumani, haziondoki stesheni kuu, bali Köln Messe/Deutz, ng'ambo ya mto Rhine. Soma jina la stesheni kwenye tiketi herufi kwa herufi. Kama ni Deutz, panda treni yoyote ya S-Bahn, yaani treni za mjini, inayovuka mto, kituo kimoja tu, au tembea juu ya daraja la Hohenzollern. Epuka pia siku za Gamescom, maonyesho ya michezo ya video, mwezi Agosti, kanivali ya Februari au Machi, na Oktoba ya miaka isiyogawanyika kwa mbili, wakati wa maonyesho ya vyakula ya Anuga. Bei za vyumba hupaa, na vingine havipatikani kabisa.

Frankfurt ina sifa moja kubwa: treni za moja kwa moja hadi Vienna, za saa sita na nusu hivi. Lakini mitaa iliyo mbele ya stesheni kuu, hasa Taunusstraße na inayoizunguka, ina biashara na matumizi ya dawa za kulevya hadharani. Mtu mzima aliyezoea miji mikubwa atapita salama. Familia inayofika saa nne usiku na watoto haitafurahi. Tafuta hoteli upande wa kusini wa stesheni. Ukivutiwa na hoteli za uwanja wa ndege, hakikisha kwanza kwamba treni yako ya asubuhi inasimama pale.

Nürnberg ni karibu saa tatu na nusu mbele ya Köln. Ukiacha London asubuhi, unafika jioni, na sehemu ngumu yote, yaani Brussels, Köln na msongamano wa reli za Rhine, imekwisha kupita. Kesho yake unabaki na treni moja tu ya saa nne na nusu hivi, bila kubadilisha. Ikifutwa, unasubiri inayofuata na bado unafika Vienna mchana au jioni. Hiyo ndiyo hoja yetu yote. Mji wenyewe unasaidia: ukivuka barabara ya mbele ya stesheni uko Königstor, lango la ukuta wa mji wa kale, na soseji zao ndogo za kuchoma ziko hatua chache kutoka hapo. Ila soko la Krismasi, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Desemba 24, na maonyesho ya vitu vya kuchezea mwishoni mwa Januari hujaza vyumba.

Passau, inapokutana mito ya Danube, Inn na Ilz, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, na Vienna inabaki chini ya saa tatu. Lakini iko mbali mno kwa siku ya kwanza: ukikosa treni moja Köln, unaweza kuukosa usiku wako wa Passau pia.

Kuhusu tiketi, nunua London–Köln kwa Eurostar, kampuni ya treni zinazopita chini ya bahari kutoka London, kama tiketi moja, kisha Köln–Vienna kwa Deutsche Bahn. Kwenye ukurasa wao wa kutafuta safari kuna sehemu ya Zwischenhalt, yaani kituo cha katikati: andika Nürnberg, weka idadi ya saa utakazokaa, na safari nzima inatoka kama tiketi moja. Faida yake ni kubwa. Ikitarajiwa kwamba utachelewa dakika 20 au zaidi kufika mwisho wa safari, tiketi ya bei nafuu, ambayo kwa kawaida hukufunga kwenye treni uliyochagua, inafunguka na unaweza kupanda treni nyingine. Na kwa sheria za Umoja wa Ulaya, kuchelewa dakika 60 kunakupa fidia ya asilimia 25 ya nauli, dakika 120 asilimia 50. Lakini tiketi ya Eurostar na hii hazijuani. Eurostar ikichelewa, Deutsche Bahn hawadaiwi chochote, kwa hiyo acha saa mbili Köln. Weka mizigo kwenye makabati ya stesheni, ule, uangalie kanisa.

Wakati wa kurudi, treni usiyotakiwa kuikosa ni Eurostar yenyewe. Milango yake Brussels hufungwa dakika 30 kabla ya kuondoka, na kabla ya hapo kuna foleni ya pasipoti, ya Ubelgiji na ya Uingereza. Basi lala Brussels, karibu na stesheni ya Central badala ya mitaa ya Midi, stesheni inakoondokea Eurostar. Treni kati ya hizo mbili ni dakika chache tu. Ukilala Köln, chagua treni ya asubuhi ambayo nyuma yake kuna nyingine itakayokuwahisha vilevile. Pasipoti iwe mkononi Passau pia, maana polisi wa Ujerumani hukagua treni zinazotoka Austria, na ukaguzi huo huchelewesha.

Mwisho, chumba chenyewe. Omba kisichotazama reli, na uliza mapokezi hufungwa saa ngapi. Hoteli ndogo hutoa namba ya siri ya mlango, lakini kwa aliyeuliza mapema. Ukifika Jumapili, maduka ya Ujerumani yamefungwa isipokuwa yaliyo ndani ya stesheni, kwa hiyo nunua maji na mkate wa kesho kabla hujatoka nje.