Kusoma oda mubashara au chati: ipi inakufaa?

Kusoma oda ni kutazama maagizo ya kununua na kuuza yanavyoingia na kutekelezwa sokoni papo hapo; chati ni mchoro wa bei ilivyokwenda. Kwa gharama, chati inashinda wazi: unaipata bure hata kwenye simu. Data ya oda za soko la Chicago la fyucha (mikataba ya kununua au kuuza baadaye kwa bei iliyokubaliwa leo) hulipiwa kila mwezi, na bado utahitaji intaneti isiyokatika. Stima ikipotea mtaani Umoja, Nairobi, kwa dakika tano, chati utaikuta. Mwendo wa oda umeshakupita.

Kwa kuingia sokoni kwa usahihi, oda zina nguvu kweli. Tuseme unatazama fyucha ndogo za S&P 500 (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani), ambazo hatua moja ya bei ni pointi 0.25, yaani dola 1.25 kwa mkataba. Wauzaji wanaipiga bei ileile tena na tena, mamia ya mikataba, lakini haishuki: kuna mnunuzi anayewameza. Mshumaa wa dakika 5, yaani alama ya chati inayofupisha bei ya dakika hizo, hauonyeshi hilo waziwazi. Ila usiamini oda kubwa iliyolala tu kwenye orodha ya oda zinazosubiri, maana inaweza kufutwa kabla bei haijaifikia. Amini zilizotekelezwa.

Soko la hisa la New York hufungua saa kumi na nusu jioni ya Nairobi, au kumi na moja na nusu majira yao ya baridi. Kama saa hizo uko kwenye matatu, shika chati za siku, ambazo kila mshumaa ni siku nzima. Na kwa foreksi ya kawaida (biashara ya fedha za kigeni), isiyo na soko moja kuu, oda unazoziona ni za dalali wako tu.