TAHADHARI TULUM: Niliingizwa mjini kabla sijaufikia mji

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yangu mimi mwenyewe. Wanaopanga kwenda Mexico kuona magofu ya Tulum, mji wa kale wa Wamaya kando ya bahari, someni. Wanaotaka kucheka nao wasome, najua mtacheka tu.

Mimi na wifi tulilala Playa del Carmen, asubuhi tukapanda vidaladala vyao, wanaviita kolektivo, kikatushusha barabara kuu pale panapoingilia magofuni. Saa nne, jua limeshakuwa la kuchoma. Hatujavuka hata barabara nikamwona kijana. Shati jeupe limepigwa pasi, beji shingoni, redio ya mkononi inakoroma kiunoni. Hakutukimbilia, hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniponza. Papasi, wale wawinda watalii wa kwetu, ninaowajua mimi wanakuganda kuanzia bandarini mpaka mlangoni kwa bibi yako. Huyu alisimama kivulini, sisi ndio tuliomfuata!

Akauliza tumetoka wapi. Nikasema Zanzibar. Akapiga kofi moja: "Freddie Mercury!" Wallahi nililainika kama boflo lililotiwa kwenye chai. Miaka yote ninayoishi huku Marekani watu huniuliza Zanzibar iko upande gani wa Jamaica, leo Mmexico wa kando ya barabara ananitajia mwimbaji mtoto wa Mji Mkongwe. Na mimi mjomba wangu kafanya upapasi Forodhani miaka ishirini, huo wimbo wa "umetoka wapi rafiki" nimeusikia kabla sijajua kusoma. Bado nikaingia.

Akatoa ramani iliyofunikwa plastiki, akaanza kuonesha kwa kidole. Ukuta huu umezunguka pande 3, upande wa 4 ni bahari, jabali limesimama kama mita 12 juu ya maji. Milango 5, myembamba, adui hawezi kuingia kwa wingi. Hilo jina Tulum kwa Kimaya ni ukuta, na inasemekana mji wenyewe zamani ukiitwa Zama, jina la mapambazuko, maana unatazama jua linapotoka. Mitumbwi ikileta lile jiwe jeusi la kioo kutoka milima ya Guatemala. Wahispania waliuona kwanza wakiwa baharini, mwaka 1518. Moyo ukanienda mbio, nikamwambia hii ni Kilwa kabisa, mji wa mawe, biashara ya baharini, kisha meli za wageni zinatokeza, na Wareno waliivamia Kilwa 1505, miaka 13 tu kabla. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyezaliwa Kilwa Masoko.

Na kinachoniuma ni kwamba yale ya Wamaya yote yalikuwa kweli. Nimekuja kuyasoma baadaye kwenye vibao vya ndani. Uongo wake wote aliuweka kwenye tiketi.

Kasema dirisha la serikali leo halifanyi kazi, sasa ni hifadhi ya taifa na utaratibu umebadilika, lazima uvae bangili. Bangili ina kila kitu: kiingilio, kiongozi, kitreni cha kukufikisha, na boti ya kuutazama mji kutoka baharini. Dola 70 kwa kichwa. Wifi akanifinya kiwiko. Nikamjibu kwa Kiswahili, mbele ya yule kijana: "Mtu ana beji huyu." Maneno hayo nitazikwa nayo. Nikatoa kadi, mashine ikalia, dola 140 zikaondoka, na yeye mwenyewe akanifunga bangili ya karatasi ya chungwa mkononi, taratibu, kama ananivisha dhahabu.

Kiongozi hakutokea. Kitreni hatukukiona. Tukatembea kwa miguu juani hadi langoni, na huko dirisha liko wazi, foleni ndefu, watu wanakata tiketi kama kawaida. Mama wa dirishani akaitazama bangili, akamwita mwenzake aje aitazame. Akasema neno moja, "barco". Boti. Yaani dola 140 zangu ni za boti peke yake, kiingilio nilipe upya. Nyuma yangu kuna Wajerumani wanne wenye bangili hiyohiyo, hakuna aliyemtazama mwenzake machoni.

Tulilipa, tukaingia. Pazuri, siwezi kusema uongo. Mijusi mikubwa kama kenge imejilaza juu ya kuta kama wao ndio wenye nyumba, na lile jengo kubwa, El Castillo, limesimama ukingoni kabisa mwa jabali. Juu ya mlango wa hekalu moja wamechonga mungu anayeshuka, kichwa chini miguu juu. Nikamtazama nikasema huyu ni mimi.

Na boti? Nilirudi kwenye kibanda chao kule barabarani kuidai. Leo hakuna boti, mwani umejaa ufukweni. Mwani! Kijana mwenye beji kaondoka, mwenziwe kanigeuzia risiti, nyuma kuna maandishi madogo ya Kihispania, pesa hazirudi. Watu hawa wangekuwa kwetu sokoni Darajani wangejua. Wafungwe, kibanda kivunjwe, hizo beji wazichome moto, na aliyewashonea mashati meupe aulizwe. Mtu anakula jasho la watu wanaoamka usiku kusafisha wazee wa wenzao, kisha anakuitia Freddie Mercury! Mungu anamwona.

Basi, kwa wanaokwenda: vile vibanda vya kando ya barabara kuu na kwenye maegesho si dirisha la serikali hata wakiandika nini. Tiketi halali zinakatwa ndani, ya Jaguar, hiyo hifadhi inayozunguka magofu, mbali na ya magofu mbali, ndiyo maana ni rahisi kukuchanganya. Alama ya $ huko ni peso, uliza kabla ya kutoa kadi. Bangili ikatae. Mengine nimesahau, nina hasira.

Benki nimewapigia, wamesema nilitia namba ya siri kwa mkono wangu. Wifi ameahidi hatasema kitu kwenye harusi ya Jumamosi. Msimuulize.