Rivyu ya huduma za kugredi sarafu: ukilipia, unapata nini hasa?

Wadau wa sarafu, swali la kutuma sarafu kugrediwa, yaani kampuni iikague na kuipa namba ya hali yake, haliishi, kila siku mtu anauliza inalipa au ni kuchoma hela bure, sasa leo nalijibu kwa urefu maana hii huduma nimeitumia, nimenunua pia sarafu ambazo tayari zimegrediwa na watu wengine, na nina msimamo wangu. Kitu cha thamani pale ni uhakika kwamba sarafu ni ya kweli, pamoja na hifadhi nzuri. Ile namba kwenye lebo ni maoni ya watu wenye jicho kali, na maoni yao utayafaidi vizuri kama na wewe jicho lako umeshalifundisha.

Kwa wageni, haraka haraka. Kampuni mbili kubwa ni PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zote za Marekani, na kabla yao kulikuwa na ANACS iliyoanzishwa 1972 na chama cha American Numismatic Association, hiyo mwanzoni kazi yake ilikuwa kuthibitisha sarafu tu, kugredi kukaja 1979. Unatuma sarafu, wataalam zaidi ya mmoja wanaiangalia kila mtu kivyake bila kuambiwa mwenyewe ni nani, wanakubaliana daraja, kisha inafungwa kwenye kasha gumu la plastiki ambalo sisi tunaliita slabu, lina lebo yenye mwaka, aina, daraja na namba ya cheti. Hiyo namba ukiiingiza kwenye tovuti yao unaiona sarafu yako, mara nyingi na picha.

Madaraja yanaanzia 1 mpaka 70. Kipimo hiki alikitunga Dkt. William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya zile senti kubwa za shaba za zamani za Marekani, na hesabu yake ilikuwa ya bei: sarafu ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile iliyochakaa kabisa. Bei zilishahama kitambo sana kutoka kwenye hesabu hiyo ila namba zikabaki, zikasambaa mpaka kwa sarafu za dunia nzima. Na inauma kumtaja Sheldon bila kusema hili, baadaye ilikuja kubainika kwamba alikuwa anachukua senti nzuri kwenye mkusanyiko wa American Numismatic Society na kuweka zake zenye hali duni, na kilichosaidia kuzitambua ni picha za zamani za zile sarafu, maana kila sarafu ya zamani ina alama zake, kijikwaruzo hapa, doa pale, hakuna mbili zinazofanana kabisa. Ndio maana mimi nikituma sarafu nzuri huduma ya picha siiruki. Slabu inaweza kupasuliwa, lebo inaweza kupotea, picha kali ya pande zote mbili inabaki kuwa kitambulisho cha sarafu yenyewe.

Sasa tuje kwenye uhalali, hapa ndipo huduma inapojilipa yenyewe. Watu wengi wakisikia sarafu feki wanafikiria kitu kilichotengenezwa kizima kizima kwa madini ya bei rahisi, hizo mizani na sumaku vinakusaidia, Morgan dollar, ile dola ya zamani ya fedha ya Marekani, inatakiwa kuwa na gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1, fedha yake ni asilimia 90 na sumaku haiivuti. Shida kubwa ni sarafu ya kweli iliyobadilishwa kidogo tu. Mfano senti ya Lincoln ya 1914-D (herufi baada ya mwaka ni ya kiwanda kilichoipiga, D ni Denver) ni adimu, ya 1944-D imejaa kila mahali, kwa hiyo mjanja anachukua ya 1944 anaikwangua 4 ya kwanza mpaka inafanana na 1, uzito uko sawa, shaba ni ile ile, herufi ya kiwanda ni ya kweli kabisa. Unamkamataje? Angalia begani kwa Lincoln kwa lenzi. Herufi V.D.B. za mchoraji zilirudishwa pale begani mwaka 1918, kwa hiyo 1914 yenye hizo herufi haiwezekani. Lakini kuna wanaozikwangua na hizo pia, halafu inabidi uanze kupima nafasi kati ya tarakimu, na hapo ndipo mtu unashukuru kuna watu wanaoshika sarafu za aina hiyo kila siku ya kazi.

Nyingine ni Morgan ya 1893-S (S ni San Francisco), zilipigwa 100,000 tu, basi watu wanabandika S kwenye sarafu ya 1893 ya kawaida. Kwenye ya kweli kuna mstari mdogo wa mshazari juu ya T ya neno LIBERTY, umetoka kwenye chapa yenyewe iliyotumika kuipiga. Haya ukiyajua unaweza kuchuja mwenyewe kabla ya kulipa ada, ila sarafu ya kiwango hicho bila slabu ya kampuni inayoaminika mimi siinunui, labda niwe namfahamu vizuri sana anayeniuzia.

Na kuna sarafu ambazo mwaka wake haukuambii kitu. Riale ya Maria Theresa ndio mfano wangu wa siku zote, malkia huyo wa Austria alifariki 1780, lakini sarafu iliendelea kupigwa na mwaka ule ule 1780 kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ethiopia walikuwa hawataki nyingine, ikapigwa Vienna, ikapigwa pia Rome, London, Paris, Bombay na kwingine. Zote gramu 28 na kidogo, zote zimeandikwa 1780. Kuitofautisha ya zamani na ya juzi ni kazi ya kuangalia bruchi begani, manyoya ya mkia wa tai, nukta na maandishi ya ukingoni. Ukiituma hakikisha kwenye fomu umeomba ielezwe ni toleo gani, la sivyo unaweza kurudishiwa lebo iliyoandikwa tu kwamba ni toleo la kurudiwa na hiyo haikuongezei kitu ulichokuwa hukijui.

Daraja lenyewe sasa. Watu wanadhani wataalam wana mashine, hapana, ni taa nzuri, macho na lenzi. Wanaangalia uchakavu kwenye sehemu zilizoinuka, mikwaruzo ya kugongana, jinsi chapa ilivyopigwa, mng'ao, na uzuri wa jumla. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika, 50 mpaka 58 imeguswa kidogo. Hapa kuna kitu wanaoanza kinawachanganya, 58 mara nyingi inapendeza kuliko 60! Sarafu ya 60 haijatumika lakini inaweza kuwa imepigwapigwa kwenye gunia mpaka uso wote una majeraha, wakati ya 58 imepita mikono michache tu, ina msuguano kidogo sana juu ya shavu na basi. Kama unanunua kwa kuipenda sarafu, tafuta 58, utapata uzuri mwingi kwa hela ndogo.

Mng'ao ndio somo ambalo ningemwambia mtu alimalize kabla hajafikiria kutuma chochote. Shika sarafu kwa kingo zake, chini ya taa moja, igeuze polepole, ambayo haijatumika utaona miale inazunguka kama spoku za gurudumu bila kukatika. Ikikatika kwenye sehemu za juu, imetumika. Hili linatatua na kesi ngumu ya Morgan zilizopigwa New Orleans, nyingi zilipigwa kwa nguvu ndogo, nywele za juu ya sikio na kifua cha tai vinaonekana vimelainika utadhani zimezunguka sokoni miaka, kumbe madini hayakujaa kwenye chapa tangu kiwandani. Uchakavu unakula mng'ao, pigo dhaifu linauacha. Mtaalam analiona hilo kwa sekunde chache na kwa kweli hapa nawapa heko, sarafu za namna hii zikirudi naona wamezitendea haki.

Ila msimamo wao kwenye daraja moja juu au chini hautabiriki. Sarafu ile ile ikitumwa mara mbili inaweza kurudi 64 na 65, ni macho ya binadamu, siku tofauti. Hili limezaa tabia ya watu kupasua slabu na kutuma tena na tena mpaka wapate namba wanayoitaka, na ndio inayoharibu zile takwimu za kampuni za idadi ya sarafu kwa kila daraja, maana sarafu moja inaweza kuhesabiwa mara kadhaa kama lebo za zamani hazikurudishwa. Kwa hiyo ukiambiwa ziko chache tu kwenye daraja hili, kumbuka pia wapo wenye sarafu hiyo ambao hawajawahi kuituma popote. Muulize aliyekuwa anaishikilia Morgan ya 1903-O (O ni New Orleans) kabla ya 1962, ilikuwa moja ya sarafu zinazotafutwa kuliko zote kwenye mfululizo ule, iliaminika kwamba nyingi ziliyeyushwa chini ya sheria ya Pittman ya 1918 iliyoyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270, halafu 1962 magunia yakatoka kwenye hazina ya serikali yamejaa 1903-O mpya kabisa. Bei ilianguka ghafla.

Kuhusu kusafisha. Jamani msisugue sarafu. Dawa ya meno, magadi, kitambaa kikavu, vyote vinaacha mistari midogo myembamba inayoonekana mara tu sarafu inapoinamishwa chini ya taa, na kampuni zikiiona hazikupi namba, zinaandika tu kwamba ni ya kweli, umbo lake liko hali fulani, na imesafishwa. Ada umelipa ile ile. Kuna muuzaji, jina naliacha, aliwahi kuniuzia sarafu akiisifia kuwa inang'aa kama mpya, mng'ao ule ulikuwa umekufa kabisa hauzunguki, na ilirudi na maneno hayo hayo kwenye lebo. Kitu kinachokubalika ni kuiloweka kwenye asetoni halisi kuondoa gundi au ule utelezi wa kijani unaotoka kwenye vifuko vya plastiki laini ya PVC, bila kusugua, sehemu yenye hewa na mbali na moto. Vile vifuko vya PVC achaneni navyo kabisa, tafuteni vya plastiki ya Mylar, ni vigumu kidogo na vinapasuka ukivikunja lakini havili sarafu.

Slabu kama bidhaa ni nzuri. Imara, inapangika kwenye boksi, ukingo unaonekana kwenye nyingi za siku hizi, na ikiwa sarafu itakuja kurithiwa na mtu asiyejua kitu angalau lebo itamwambia alichonacho. Haizuii hewa asilimia mia, hilo lieleweke, fedha inaweza kuendelea kubadilika rangi humo ndani taratibu, kwa hiyo unyevu bado ni adui, weka vifuko vya kufyonza unyevu kwenye boksi na ukae mbali na kabati la mbao mbichi. Plastiki inakwaruzika haraka, ivalishe mfuko wake.

Na feki zimeshafika mpaka kwenye slabu zenyewe. Wanatengeneza kasha, wanachapa lebo yenye namba ya cheti ya kweli iliyonakiliwa kutoka kwenye sarafu ya mtu mwingine, ukichek namba inakubali. PCGS walianza kuweka chipu ya NFC ndani ya slabu mwaka 2020, unagusisha simu inakuletea cheti, imesaidia sana, ila slabu za zamani hazina hiyo kitu. Dawa ni ile ile ya picha, linganisha doa kwa doa. Namba ikikubali lakini picha haifanani na ulichoshika, rudisha siku hiyo hiyo.

Sasa utume nini? Sarafu ambayo tofauti ya bei kati ya daraja moja na linalofuata inazidi ada, usafirishaji na bima ukijumlisha vyote. Sarafu inayoghushiwa sana. Ya dhahabu ya zamani yenye thamani zaidi ya uzito wake. Zile za kawaida unazozipenda kwa sababu ya historia yake ziache kwenye albamu uzishike, riale iliyopita mikono elfu haihitaji namba ili ikufundishe kitu.

Za kisasa zilizotoka kiwandani juzi ndizo nasita kabisa kuwashauri watu watume. Nyingi zinapata 69 na 70 kwa sababu zimetengenezwa vizuri na hazijaguswa, na tofauti kati ya hizo mbili kwa macho ya kawaida huioni. Kisha wanakuongezea ofa ya lebo maalum, ile ya First Strike au Early Releases, ukilipa zaidi unaandikiwa. Maana yake ni kwamba sarafu ilifika kwao ndani ya siku 30 za mwanzo tangu itolewe, haisemi ilipigwa ya ngapi wala chapa ilikuwa bado mpya kiasi gani. Kwenye fomu hilo sanduku naliacha wazi, naomba lebo ya kawaida, na hela iliyobaki naiweka kwenye kutafuta sarafu bora zaidi ya mwaka ule ule.