Chura wa Dhahabu wa Kolombia na Chura wa Michirizi wa Pwani
Mkaazi wa Mombasa hana haja ya kufika Kolombia ili aone chura mwenye sumu, kwani masika yakianza huenda akamkuta papa hapa pwani chura mweusi mwenye michirizi myekundu, ambaye hutembea badala ya kuruka, na ambaye ute wa ngozi yake huvimbisha mkono wenye michubuko. Yule wa dhahabu, mwenye urefu wa sentimita 5 hivi, ni hatari mno: sumu yake husimamisha moyo, nao Waembera, wenyeji wa asili wa huko Kolombia, kijadi waliipaka kwenye vishale vya kupuliza. Ajabu ni kwamba chura huyo huipata kwa wadudu anaowala, hivyo aliyezaliwa na kulelewa kizuizini hana sumu. Yeye hutembea mchana, wa kwetu usiku. Tena dume lake hubeba viluwiluwi mgongoni hadi majini, ilhali chura wetu huyaacha mayai kidimbwini.