Fundi aliyenifungia vishikio vya fimbo, na sangara aliyeondoka navyo

Vishikio vyenyewe, vile vya kusimamishia fimbo za kuvulia kwenye boti, sina ugomvi navyo. Ni vya stenlesi, vizito mkononi, ndani vina mpira ili fimbo isikwaruzwe. Niliviagiza Dar vikaja na basi salama salimini. Anayeuliza kama anunue, anunue. Ninayetaka kumsema hapa ni aliyevifunga.

Boti yangu ni ya faiba, ndogo, injini ni Yamaha ya farasi 15. Wikiendi naingia Ziwa Victoria, huku kwetu Mwanza, kutafuta sangara kwa fimbo, naburuta chambo cha bandia nyuma ya boti taratibu. Watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wananiona mgonjwa: samaki wamejaa sokoni Kirumba, wewe unachoma petroli kumfuata mmoja. Haya, kila mtu na ulevi wake. Ila mkono mmoja ukiwa kwenye injini huwezi kushika fimbo mbili, ndiyo maana nikataka vishikio.

Fundi nilielekezwa na watu ninaowaheshimu. Nikamweleza kwa kituo: kaka, ukingo wa boti hii ni mwembamba, skrubu haitashika. Toboa mpaka chini, pitisha bolti, kwa chini weka bamba la alumini au hata plaiwudi nene, washa pana (vile vijiduara vya chuma vya chini ya nati), halafu nati zile zenye plastiki ndani zisilegee injini ikitikisa. Matundu yapake silikoni ya boti, maana maji yakipenya kwenye mbao iliyo ndani ya faiba, inaoza kimyakimya. Akawa anajibu "sawa bosi, sawa bosi" huku anachezea simu.

Jioni nakuta kazi inang'aa. Silikoni imelainishwa kwa kidole, safi kabisa, na mlalo kautega vizuri, fimbo zinaangalia nyuma na nje kidogo, mishipi haigusani. Kwa juu kichwa cha skrubu na kichwa cha bolti vinafanana tu. Nikalipa yote na ya soda nikaongeza.

Basi, asubuhi moja tuko nje ya Luchelele na shemeji yangu, ziwa limetulia. Sangara akala. Wa ziwa hili wanaweza kufika kilo 200 na sisemi alikuwa huyo. Wa kilo 15 anatosha kukuaibisha. Rila, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, ikaanza kulia, nikageuka kushika fimbo, nikasikia "ta!", halafu "ta-ta!". Kishikio kikainuka mzimamzima na fimbo yake, kikapiga ukingo, kikazama. Shemeji akabaki anatazama maji. Mimi nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Pale kilipokuwa yalibaki matundu manne na unga mweupe wa faiba. Skrubu moja ilidondoka ndani ya boti: ya mbao, ile ya kufungia bawaba za kabati, haifiki hata urefu wa kucha ya kidole gumba. Nikapapasa chini ya ukingo. Hakuna bamba. Hakuna nati. Hata ncha ya skrubu haijatokeza upande wa pili! Fimbo ya futi 7 ni wenzo, samaki akivuta kwenye ncha, mzigo unaofika kwenye shina ni mara nyingi ya huo. Halafu wewe umeshikilia na kitu cha kabati. Kishikio cha pili nilikikamata kwa mkono nikakitikisa, kikacheza.

Nikampelekea boti. Nikamkuta anakula ugali na sato, hakunawa wala hakusimama. Akaichukua ile skrubu kwa vidole vyenye mchuzi, akaigeuza, akasema: "Bosi, samaki wako alikuwa mkubwa. Mimi nilifunga kishikio cha fimbo, sikufunga winchi." Vijana wake wakacheka. Nikamuuliza bamba liko wapi. Eti bamba lingeongeza gharama, akaona anihurumie. Anihurumie! Fimbo na rila vilivyozama vinazidi malipo yake mara kadhaa.

Kwa hiyo nasema wazi: msimpelekee. Na yeyote atakayewafungia, kaeni palepale mpaka nati ya mwisho, na kila fimbo ifungeni kamba kwenye boti, hiyo haina gharama.

Ingawa, haki ya mtu ni haki yake, mwaka jana boti hii ilipasuka tumboni baada ya kugonga jiwe, akaiziba huyuhuyu, na mpaka leo haijaingiza tone. Kwenye faiba mkono wake sijaona wa kumzidi huku kwetu. Ndiyo inayoniuma zaidi: anajua kazi, hakutaka tu kuinama chini ya ukingo dakika 10.

Kishikio kilichobaki nimekifunga upya mwenyewe, bolti nne na bamba la alumini. Nimening'inia nacho kwa uzito wangu wote, hakikutingishika. Juzi fundi kanitumia meseji: "Bosi lete boti nikuzibie yale matundu manne." Bei hajataja. Sijamjibu, lakini mvua zinakaribia na matundu yako wazi, na shemeji ameshaanza kuniuliza tunampelekea lini.